Kipepeo Mwenye Adabu

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu ofisini, saa ya chakula, wenzangu wametoka. Sijambo. Mama naye hajambo ila goti, na goti lenyewe linamuuma zaidi siku zenye vyombo vya kuosha. Anauliza kwa nini kaka yake wa pekee hapokei simu. Nimemwambia simu yako iko kwenye droo, imeviringishwa kwenye kitambaa ili isichakae. Akasema basi huyo ni yeye kweli, hajabadilika.

Sasa nina shida. Shida yenyewe inachekesha, ila aliyepatwa nayo ni mimi. Mwaka huu kampuni yetu inachapa kitabu cha vipepeo kwa ajili ya shule: aina sitini, kila aina na ukurasa wake na picha yake. Tulitangaza, wapiga picha wakaja. Wamelala misituni, wameng'atwa na siafu, mmoja amevunja mguu. Wametuletea wa buluu anayeonekana mara moja kwa mwaka. Wametuletea mwenye mikia miwili ambaye hata wataalamu wanagombania jina lake. Aina hamsini na tisa zimetimia. Imebaki moja: yule mweupe. Yule mdogo wa kila siku, anayepita dirishani ukiwa unapiga mswaki. Hakuna aliyempiga picha, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshampiga. Nikiwaomba warudi, wananitazama kana kwamba nimewaomba wakapige picha kijiko. Ukurasa wa saba una kisanduku kitupu kimeandikwa "picha itakuja", na aliyemwapia Mkuu wa kitengo kwamba itakuja ni mimi.

Nimejaribu mwenyewe kwa simu. Nina picha arobaini za mahali ambapo kipepeo alikuwepo.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Miaka thelathini na minane umepiga picha za vitambulisho vya mji mzima. Najua umeifunga studio tangu watu waanze kujipiga wenyewe, na najua hupendi kuizungumzia, kwa hiyo siizungumzii. Lakini uani kwako vipepeo wale walikuwa tele. Nipigie mmoja tu, mjomba. Nimekwama.

Mama anasema mwandiko wako wa barua ya mwisho ulikuwa mkubwa mno, maneno matatu kwa mstari. Anauliza macho yanaendeleaje. Mimi siulizi, nafikisha tu.

Mpwa wako,
Kidevu (jina ulilonipa mwenyewe, kwa kunipigia kelele nikiinue)


27 Februari

Kidevu, binti wa dada yangu,

Marahaba. Barua yako imetembea siku kumi na tatu, na nimeisoma vizuri kabisa kwa ile lenzi yangu ya kukagulia negativu. Si kwa sababu ya macho. Siku hizi viwanda vinabania wino.

Mimi mzima. Zisizo nzima ni balbu: nimebadilisha tatu pale sebuleni na zote hafifu. Halafu wameamua kuifanya chumvi ifanane na sukari. Wiki iliyopita nimekunywa chai ya chumvi kikombe kizima, maana nilishaikoroga mbele ya mgeni. Mwambie dada yangu mwandiko mkubwa ni heshima kwa msomaji. Anayeandika vidogo ana la kuficha. Na goti lake limwache anayeosha vyombo apumzike.

Kazi nimeikubali. Mpaka leo mji huu unaniita Usicheke, na hakuna mwenye kitambulisho hapa aliyeonyesha meno. Kwa hiyo nitafanya kwa utaratibu wangu: mteja anatulia, anatazama mbele, mabega sawa, nyuma yake kitu cheupe. Hao wapiga picha wako wanakimbizana na wateja vichakani. Mteja hakimbizwi, Kidevu. Mteja anakaribishwa.

Simu sitatumia. Nina kamera yangu, nina filamu ya picha thelathini na sita iliyobaki studio, nina uzi wangu. Unaukumbuka? Fundo la kwanza futi tatu, la pili futi nne, la tatu futi sita. Ncha moja kwenye lenzi, nyingine kwenye pua ya mteja, nashika fundo, nazungusha lenzi mpaka kwenye namba, napiga. Namba zenyewe nazijua kwa vidole. Wenzangu waliokuwa wakikodolea macho kile kioo cha kamera walitoa picha za ukungu. Uzi haujawahi kunitia aibu.

Nimeanza jana. Mteja amekataa kupimwa pua.

Mjomba wako


20 Aprili

Kidevu,

Nakuandikia kabla hujajibu, kwa sababu nina furaha na hakuna wa kumwambia hapa. Nimempata!

Karibu miezi miwili walikuwa wananidharau. Nikisogea wanaondoka, nikirudi nyuma wanarudi. Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba kazi imenishinda, barua ambayo sijawahi kumwandikia mtu. Halafu Jumatatu natoka uani, namwona. Mweupe, safi, amekunja mabawa vizuri, ametua kwenye kamba ya nguo ya jirani yangu dobi. Unamkumbuka dobi? Mama mmoja mtu mzima sana, namwamkia kila asubuhi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni, kwa hiyo nyuma ya kipepeo lilikuwepo shuka jeupe, limenyooka kuliko pazia langu la studio. Mimi hata sikulipanga.

Nikasogea pole pole na uzi. Hakuondoka. Nikauleta uzi karibu kabisa na pua. Hakuondoka! Fundo la kwanza, futi tatu kamili. Nikapiga. Nikampiga kutoka kushoto, nikampiga kutoka kulia. Jumanne nikarudi, yupo. Mvua ikanyesha usiku, Jumatano nikarudi, yupo, palepale, mabega sawa. Kidevu, katika miaka yote ya kazi sijapata mteja mwenye adabu kama huyu. Mawaziri wawili wamewahi kukaa kwenye kiti changu, na wote walijikuna.

Filamu yote nimemmalizia yeye. Nakutumia uisafishe huko, maana hapa duka la kusafisha picha sasa linauza vitanda. Mwambie Mkuu wako ukurasa wa saba una mwenyewe.

Mjomba wako, Usicheke, ambaye leo amecheka


12 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Filamu imefika salama, haikuingia mwanga wala unyevu. Mama anakusalimu sana. Goti limepata nafuu tangu nilipomsomea ujumbe wako. Dada yangu mkubwa amepata mtoto wa pili, wa kike, ana masikio ya babu.

Picha ni kali. Kila moja kati ya thelathini na sita ni kali, hakuna hata moja iliyotikisika. Fundi aliyezisafisha ameniuliza huyu mtu ni nani. Mkuu wa kitengo mwenyewe amezishika, miwani yake ikiwa juu ya paji la uso kama kawaida, akasema, "Safi sana. Huyu anajua kazi. Weka hii ya tatu."

Ila nimefikiri, mjomba, ingekuwa vizuri tuwe na ya akiba. Ya kipepeo mwingine. Labda aliye juu ya ua, au kwenye majani, popote pasipokuwa na kamba. Humu bahashani nimeweka filamu mpya. Na pengine ungeongozana na mtu, hata huyo dobi, awe anakuonyesha walipo.

Hospitali ya hapo kwenu mama anasema ina daktari wa macho kila Alhamisi. Nafikisha tu.

Mpwa wako,
Kidevu


9 Juni

Kidevu,

Mimi mzima. Salamu zimekwisha.

Jumamosi dobi alinijia mlangoni. Hakuingia ndani. Akasema, "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini watu wameniuliza. Siku tatu mfululizo umekaa unapiga picha nguo za wateja wangu. Bukta za mwalimu mkuu zilikuwa pale. Ulikuwa unazitakia nini?"

Nikamwambia sijui habari za bukta, mimi nilikuwa na kazi ya kitabu cha shule, namshughulikia kipepeo. Akauliza, "Kipepeo gani?" Nikasema yule mweupe aliyekaa kwenye kamba yako Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nikamwonyesha kwa kidole, maana hata wakati ule alikuwepo, nilikuwa namwona kutoka mlangoni.

Akageuka. Nilidhani amekasirika zaidi. Kisha nikamsikia anakwenda kwenye kamba na kurudi. Akanishika mkono, akaufungua, akaniwekea kipepeo kiganjani.

Kilikuwa na springi.

Nilikibana na kukiachia, nikakibana na kukiachia. Kibanio cha nguo. Cha plastiki. Dobi akasema, "Pole, mzee," akaondoka, na ile pole yake iliniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa nikuulize wewe. Ulizitazama picha thelathini na sita. Macho yako ni mazima. Uliziona, ukakaa chini, ukaniandikia "ni kali". Miaka thelathini na minane watu walinijia na sura zao, nikawapa sura zao kama zilivyo, pua ilivyo, jicho lilivyo. Hakuna niliyemdanganya. Halafu binti niliyemfundisha kuinua kidevu ananiandikia habari za akiba.

Filamu yako iko kabatini. Itakaa huko. Kisanduku chenu kiacheni kitupu, kinapendeza.

Mjomba wako


25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za goti leo.

Ni kweli, niliona. Nilizipanga zote mezani nikazitazama mpaka wenzangu wakaondoka. Mwanzo nilicheka, na ningekuficha hilo pia kama usingekuwa umeshanikasirikia. Halafu nikaona jinsi zilivyo kali. Vile vimistari vidogo kwenye plastiki vinahesabika. Nikaelewa kwamba uzi ule ndio uliokuwa unaona, si wewe, na sijui ni tangu lini. Huenda hata wale mawaziri hukuwaona. Hakuna aliyejua kwa sababu kila mteja aliondoka na picha nzuri. Hapo nikalia, kwenye meza ya ofisi.

Niliogopa kukwambia. Nilifikiri nikikwambia nitakuwa nimekunyang'anya kazi mara ya pili, baada ya studio. Nikajiambia ni upole. Ulikuwa woga, mjomba, na nimeupamba kwa karatasi nzuri ya ofisi. Nisamehe.

Jambo moja tu sikudanganya. Mkuu aliyasema yale yote. Alisema safi sana, weka ya tatu. Kibanio kiko ukurasa wa saba mpaka sasa hivi ninavyoandika, na juu yake kuna maandishi makubwa: "Kipepeo Mweupe". Wataalamu wawili wamepitia na kutia sahihi, mmoja ameongeza koma. Sijamwambia Mkuu, kwa woga uleule.

Nenda Alhamisi. Sasa sifikishi salamu za mama. Ninakuomba mimi.

Kidevu


30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa sijapata neno lako. Nimepiga simu, nimeongea na droo.

Mama ameniambia jana jambo ambalo sikulijua: kwamba babu alipoacha kuona ni wewe uliyemshika mkono, miaka sita, kwenda na kurudi, na kwamba siku moja ulimwambia mama bora ufe kuliko kushikwa hivyo. Sikujua. Ningekuwa najua nisingekushauri uongozane na dobi.

Daktari anasema mtoto wa jicho anatolewa kwa nusu saa. Nimemuuliza wa huku. Sio kama enzi za babu.

Kitabu kinakwenda mtamboni katikati ya Oktoba. Sikuandikii kwa ajili ya kitabu.

Kidevu


14 Septemba

Binti wa dada yangu,

Marahaba, zote nilizokuwa sijaitikia. Mwandiko umeuona? Maneno kumi na moja kwa mstari. Sasa nina mengi ya kuficha.

Mama yako amesema kweli. Nilimshika babu yako mkono miaka sita na najua uzito wa mkono ule. Kila asubuhi alikuwa akiniomba radhi kwa kunichelewesha. Baba yangu, ananiomba radhi! Ndicho nilichokikimbia, nikawasingizia wauza balbu. Nilikaa na kile kibanio mfukoni wiki sita. Halafu Alhamisi moja nikamgongea dobi, nikamwambia nishike mkono mpaka hospitali, na ukimwambia mtu nitamwambia mwalimu mkuu bukta zake zina matundu mangapi, picha zipo.

Daktari ni msichana wa rika lako. Akanikalisha kwenye kiti, akaja na taa yake, akasema, "Mzee, inua kidevu. Tazama mbele. Usitikisike." Nikacheka. Akasema, "Na usicheke." Nilikaa kimya kama mteja mwenye adabu.

Wametibu jicho la kulia kwanza, la kushoto ni Novemba. Sasa nikupe habari za dunia, maana naona hakuna aliyenipa. Pazia langu jeupe la studio ni la rangi ya chai. Kibao cha mlangoni kimebaki herufi tatu. Balbu za sebuleni ni kali kupita kiasi, zinaumiza, nimeondoa mbili. Na dobi, ambaye nimemwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka miwili, ni mdogo wangu kwa miaka kumi na mitano. Nilimuuliza kwa nini alikuwa anaitikia marahaba. Akasema alidhani ni utani, na baadaye akazoea.

Umeniomba radhi na nimekusikia. Nami nimejihukumu: sura zao niliwapa wote, yangu nikaificha. Kwa hiyo tumetoka sare.

Humu ndani kuna filamu yako. Niliitoa kabatini. Siku nne za kwanza nilitoka na uzi, na siku nne nilirudi mikono mitupu, kwa sababu kipepeo wa kweli hasubiri mtu atafute fundo. Siku ya tano niliuacha msumarini. Nilidhani watakuwa kwenye mashuka, nami nikawapangia. Wapi! Wanapenda tope. Pale dobi anapomwagia maji ya kufulia, wapo kumi na mmoja, wamejipanga wanakunywa. Nikalala kifudifudi, nikatazama kwenye kile kioo cha kamera ambacho niliwacheka wenzangu kwa kukikodolea, nikapiga kwa macho. Nyingi zitakuwa za ukungu. Wana madoa meusi mawili kwenye bawa, ulijua hilo? Mimi sikujua. Wamekuwa wakipita mbele yangu maisha yangu yote.

Mjomba wako


8 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na leo naiandika huku nimesimama. Mama hajambo, anajitayarisha kuja kwako Novemba kwa ajili ya jicho la pili. Amesema goti halitakuwa tatizo. Dobi anapewa salamu zake, na mama ameuliza mara mbili kama ana mume.

Nianze na mwisho: ukurasa wa saba umejaa, na aliyeko ni kipepeo. Nimechagua picha ya kumi na nane. Tope linaonekana, povu la sabuni linaonekana, na mabawa yametikisika kidogo pembeni kwa sababu alikuwa anataka kuondoka. Madoa mawili yapo. Chini yake tumeandika jina lako kamili, kwa hiyo hapo mjini kwenu hakuna atakayejua ni nani.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nilimpelekea Mkuu picha hiyo Jumatatu, wiki moja kabla ya kwenda mtamboni. Miwani juu ya paji. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akasema, "Hapana. Hii imetikisika. Na tope la nini? Ile ya kwanza ilikuwa bora. Yule ametulia."

Miezi mitano nilikuwa nimeuogopa wakati huo. Ningeweza kusema uamuzi ni wako, bosi, nikarudi zangu mezani. Kibanio kingeingia madarasani. Lakini kwenye mkoba nilikuwa na kimoja, nimekichukua kwenye kamba ya mama tangu Juni, sijui nilikuwa nakiwekea nini. Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Samahani, bosi, naomba mkono wako." Nikaufungua, nikamwekea kiganjani, nikamweleza habari za macho yako na daktari aliyeyatibu.

Alikibana na kukiachia. Akakibana tena. Akaivuta ile picha ya kwanza, akaishusha miwani machoni, akaitazama, akaipandisha tena, akaitazama bila miwani, na nikaona kwamba kwake ni mamoja. Nilisubiri anifukuze kazi. Kidevu nilikuwa nimekiinua.

Kisha akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini ili katibu wake asisikie:

"Huyo daktari wa mjomba wako, umesema yupo siku gani?"

Nikamwambia Alhamisi.

Mpwa wako,
Kidevu